Derrick: Mpelelezi aliyefika Garsen bila runinga

MJOMBA wangu alikuwa kibarua katika bandari ya Mombasa. Kila alipokuja nyumbani Garsen mwisho wa mwezi, alibeba sukari, sabuni ya mche, mkate wa mjini na hadithi moja ya Derrick. Sisi watoto hatukuulizia mkate kwanza. Tulimkimbilia kituoni, tukampokea mizigo na kumuuliza kwa pamoja:

"Mjomba, safari hii nani kauawa?"

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Garsen, kwa msomaji asiyeufahamu, ni mji mdogo ulio kando ya Mto Tana, karibu na njia panda ambapo barabara ya kutoka Malindi hugawanyika, moja ikielekea Lamu na nyingine ikishika njia ya Hola na Garissa. Mtaani kwetu runinga ilikuwa kitu cha kuhesabiwa kwa vidole. Iliyokuwepo ilitegemea jenereta au betri ya gari, na mara nyingi ilionyesha kanda za video za karate na za Kihindi, si matangazo ya kutoka Nairobi. Mtu aliyetaka kuona taarifa ya habari au kipindi cha jioni alingoja mpaka siku atakapokwenda mjini.

Kwa hiyo Derrick hakutufikia kwa antena. Alitufikia kwa basi, ndani ya kichwa cha mjomba. Na kwa kuwa mjomba hakujua Munich iko wapi, alimhamishia mpelelezi huyo pwani. Majumba ya matajiri wa Ujerumani yakawa majumba ya Nyali. Ziwa lenye baridi likawa kivuko cha Likoni. Marehemu akawa mfanyabiashara aliyekutwa amelala kifudifudi bustanini, na mkewe akilia machozi yasiyokuwa na chumvi.

Jioni, chini ya mwembe, walikusanyika watoto, vijana, na hata watu wazima waliojidai wanapita tu. Walikuwamo watoto wa Wapokomo waliotoka mashambani, watoto wa Waorma waliokuwa wamekwisha kufunga ng'ombe zizini, na watoto wa wenye maduka. Mjomba alisimulia polepole. Akifika mahali ambapo muuaji angetajwa, alikohoa, akasimama, akasema ameitwa chakula. Usiku huo mtaa mzima ulilala ukibishana kama ni mke, ni mshirika wa biashara au ni yule mtoto wa kiume aliyekosa urithi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kifo cha mtu ni swali linalodai jibu.

Ni nani huyu Derrick?

Stephan Derrick alikuwa inspekta wa polisi wa kubuniwa katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani. Kipindi chake kilianza kuonyeshwa na kituo cha ZDF mnamo Oktoba 1974 na kikaendelea mpaka Oktoba 1998. Katika miaka hiyo 24 vilitengenezwa vipindi 281. La ajabu ni kwamba vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker, na katika vyote inspekta aliigizwa na mtu mmoja, Horst Tappert, mwanamume mrefu mwenye macho mazito yenye mifuko chini yake, kana kwamba hakuwahi kulala vizuri hata siku moja.

Msaidizi wake, Harry Klein, aliigizwa na Fritz Wepper, aliyefariki mwaka wa 2024. Harry hakuzaliwa katika Derrick. Alianzia katika mfululizo mwingine ulioitwa Der Kommissar, nao pia kazi ya Reinecker, kisha akahamishwa kikazi, kama vile polisi wetu wanavyopewa uhamisho, akaja kumsaidia Derrick.

Vipindi hivyo viliuzwa katika nchi zaidi ya 100. Waitaliano walivipenda, Wanorwe walivipenda, Wachina walivipenda. Hapa kwetu vilionyeshwa na kituo cha taifa cha KBC, vikiwa vimetiwa sauti za Kiingereza, ili midomo ikaenda huku na maneno kule. Vilikuja katika nyakati zilezile ambapo Wajerumani walituletea mpira wa "Football Made in Germany" na michezo ya kuchekesha ya Telematch. Kwa Mkenya wa enzi hizo, Ujerumani ilikuwa nchi ya mambo matatu: mabao, vichekesho na mauaji ya kitajiri.

Watoto wa mtaani kwetu tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja alikuwa Derrick, mwingine Harry, na anayebaki alilazimika kuwa maiti. Derrick alikuwa na amri moja tu: "Harry, leta gari!" Na Harry akakimbia kuleta ukuti wa mnazi. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba hata Wajerumani wenyewe wana msemo huo, wanautania kila mahali, lakini sentensi hiyo kama wanavyoisema haimo katika kipindi chochote kati ya vile 281. Watu waliitunga kisha wakaamini wameisikia. Mjomba wangu, basi, hakuwa peke yake katika kuongeza chumvi.

Alikotoka polisi wa runinga

Derrick hakuwa wa kwanza. Huko Marekani, Jack Webb alianzisha Dragnet redioni mwaka wa 1949, na mwaka wa 1951 kikaingia kwenye runinga. Webb alichukua visa kutoka katika mafaili ya polisi wa Los Angeles na kuvionyesha hatua kwa hatua: kupiga simu, kungoja, kuandika, kuuliza tena. Hapo ndipo watazamaji walipoanza kuiona kazi ya polisi kama kazi, si mbio na risasi tu.

Uingereza nayo ilikuwa na Dixon of Dock Green, kilichoonyeshwa na BBC kuanzia mwaka wa 1955 hadi 1976. Huyo Dixon alikuwa konstebo mpole wa mtaani, aliyeongea na mtazamaji kama jirani anayepita mlangoni. Mwaka wa 1981 Marekani ikatoa Hill Street Blues, ambamo polisi walionekana katika kundi, kila mmoja na matatizo yake: ndoa zinazovunjika, ulevi, uchovu, kesi zinazoanza wiki hii na kuisha wiki ijayo. Vipindi vingi vya polisi tunavyoviona leo ni wajukuu wa kipindi hicho.

Derrick alisimama kati ya hao wote kwa namna yake. Katika vipindi vyake vya mwanzo, mtazamaji alimjua muuaji mapema, kama ilivyokuwa katika Columbo ya Marekani. Swali halikuwa "ni nani?" bali "atakamatwaje?" Baadaye vipindi vikageuka, vikawa vya kutafuta. Lakini jambo moja halikubadilika. Derrick alitumia masikio kuliko bunduki. Aliingia nyumbani kwa mtu, akaketi, akauliza swali dogo, akanyamaza. Kisha akarudi kesho yake na swali lilelile. Mwenye hatia alichoka na kimya hicho kabla ya mwenye kuuliza kuchoka.

Mwandishi mashuhuri wa Italia, Umberto Eco, aliwahi kujiuliza kwa nini watu wa nchi yake walimpenda mtu huyu asiye na mbwembwe, na akalitafuta jibu katika ukawaida wake huohuo. Mimi nadhani watu wa Garsen wangempa Eco jibu jingine.

Polisi tuliyemjua sisi

Msomaji, ni lazima uelewe polisi alikuwa nani kwetu katika miaka hiyo. Barabara za Malindi, Garsen na Lamu zilikuwa na sifa mbaya. Majambazi wenye bunduki walivamia mabasi, wakapora na kuua. Ndiyo sababu mabasi yalisafiri kwa msafara, na polisi wenye bunduki wakapanda humo pamoja na abiria. Mtoto aliyekaa karibu na dirisha alimtazama afande kwa macho mawili: jicho la shukrani na jicho la hofu.

Huyo ndiye polisi tuliyemjua: mtu wa bunduki, wa kizuizi cha barabarani na wa kuulizia kitambulisho. Alikuja kabla ya hatari ili kuizuia, au baada ya hatari ili kubeba miili. Lakini polisi anayefika kwako, akaketi kwenye mkeka, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alikula nini jioni ile, alikosana na nani, kisha akarudi tena kesho? Huyo hatukuwa tumemwona. Tulimsikia tu kwa mjomba.

Ndiyo maana naamini kilichotushangaza sana katika Derrick si magari wala majumba. Ni kule kujali. Mtu mmoja amekufa, na mtu mwingine, asiye ndugu yake, analipwa mshahara ili asilale mpaka ajue kwa nini.

Mwaka wa 2012

Wale watoto waliokaa chini ya mwembe mmoja walikua. Wengine wakawa wakulima wa mpunga na maembe, wengine wakawa wafugaji, wengine wakaenda Mombasa. Ugomvi wa kale wa ardhi na maji ulikuwepo siku zote. Mfugaji anahitaji malka, yaani njia ya kupitisha ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Mkulima ana shamba lake ukingoni mwa mto huohuo. Mvua ikiwa nzuri, watu huvumiliana. Ukame ukija, uvumilivu hukauka pamoja na mabwawa. Mwaka wa 2001 damu ilikuwa imekwisha kumwagika.

Tarehe 22 Agosti 2012, alfajiri, kijiji cha Riketa kilivamiwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata na Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako polisi 9 walikuwa miongoni mwa waliouawa. Desemba 21, siku chache kabla ya Krismasi, kikafuata kijiji cha Kipao, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Waliouawa walitoka pande zote mbili. Serikali ilileta askari wengi na kutangaza kafyu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka iliundwa, ikasikiliza mashahidi.

Nilirudi nyumbani katika kipindi hicho. Mwembe ulikuwepo, lakini hapakuwa na mtu chini yake. Watu walikaa kila upande kivyao, na mazungumzo yalikatika mgeni alipokaribia. Mjomba, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, alikaa kibarazani na redio yake ndogo. Nilimkumbusha Derrick ili nimchekeshe. Hakucheka. Alisema kwamba Derrick alipewa maiti mmoja kwa wiki na nyumba tatu za kuuliza. Sisi tulikuwa na makaburi kwa makumi, na kila nyumba ilikuwa na mdomo uliofungwa.

Maneno hayo sijayasahau. Tamthilia ya polisi hutuahidi jambo moja: saa moja ikiisha, jina litatajwa. Katika maisha, hasa ya watu wanyonge walio mbali na Nairobi, saa hiyo huweza kuwa mwaka, na mwaka ukawa miaka kumi. Mauaji ya watu wengi hupewa jina la mahali, "ya Riketa", "ya Kipao", kana kwamba ni kijiji kilichoua na kijiji kilichokufa. Muuaji mwenye jina, aliyeshika panga kwa mkono wake, hujificha ndani ya neno "mapigano". Na maiti naye, aliyekuwa mama wa fulani na fundi wa mikeka, hugeuka kuwa hesabu.

Derrick hakukubali hesabu. Kwake kila maiti alikuwa na jina, chumba na watu waliomkosa.

Polisi wetu kwenye runinga yetu

Je, sisi wenyewe tumemwonyeshaje polisi? Runinga ilianza Kenya mwaka wa 1962. Mwaka wa 1964 shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1970 Mombasa ikapata kituo chake cha kurusha matangazo. Lakini kwa miaka mingi mpelelezi wa kweli alikuwa mgeni kutoka ng'ambo. Sisi tulianza na mahakama. Vioja Mahakamani, pamoja na akina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota, ilitufanya tucheke mshtakiwa alipojitetea kwa Kiswahili cha kuvunjika mbavu. Uhalifu ulianza kizimbani, na kazi ya upelelezi ilikuwa imekwisha kabla ya kipindi kuanza.

Baadaye akaja Inspekta Mwala katika runinga ya Citizen, akiigizwa na Davis Mwabili. Huyu alikuwa polisi wetu hasa: mwenye sauti, mwenye vituko, anayejua ujanja wa kila mtu kwa kuwa yeye mwenyewe ni mjanja. Nchi nzima ilimcheka. Naye anastahili sifa, kwani kumcheka afande hadharani ni jambo ambalo wazazi wetu hawakulizoea. Hata hivyo kicheko, ndugu msomaji, mara nyingine ni njia ya kusema kwamba hatutarajii zaidi.

Mwaka wa 2021 hatua nyingine ikapigwa. Showmax, ikishirikiana na Canal+ ya Ufaransa, ilitoa Crime and Justice, ambamo Sarah Hassan na Alfred Munyua waliigiza wapelelezi wawili wa Nairobi. Kila kipindi kilikuwa na kisa chake kilichofanana na mambo yanayosomwa magazetini humu nchini. Hapo mtazamaji wa Kenya alimwona mpelelezi wa Kenya akihoji, akikosea, akirudi nyuma na kuanza tena. Mwaka uliofuata nchi ilifungua maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa uhalifu katika makao makuu ya DCI. Tamthilia na vyombo, basi, vimeanza kukaribiana. Kilichobaki ni umbali. Kutoka Nairobi hadi Kilelengwani ni mbali kwa gari, na mbali zaidi kwa faili.

Siri ya mpelelezi

Horst Tappert alifariki Desemba 2008 akiwa na umri wa miaka 85, akiheshimiwa na dunia nzima. Lakini hadithi yake haikuishia hapo. Mwaka wa 2013 mtafiti wa Kijerumani, Jörg Becker, alikuta katika nyaraka za zamani kwamba Tappert, alipokuwa kijana wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alikuwa askari wa SS, jeshi la chama cha Hitler lililojaa sifa za unyama. Alikuwa ameificha habari hiyo maisha yake yote. Kituo cha ZDF kikatangaza kwamba hakitarudia tena vipindi vya Derrick.

Fikiri, msomaji. Mtu aliyeingia katika nyumba za watu kwa miaka 24 akiwauliza walikuwa wapi usiku ule, yeye mwenyewe hakuwahi kulijibu swali hilo. Kweli siri ya mtungi aijuaye kata.

Niliposoma habari hiyo nilisikitika, kama mtu aliyeibiwa kitu cha utotoni. Nilipokwenda Garsen nilimpa mjomba kwa uangalifu, nikijua anampenda mzee yule. Alinyamaza kitambo, kwa mtindo wa Derrick mwenyewe.

"Imepita miaka mingapi tangu vita hivyo?" akaniuliza.

"Karibu sabini, mjomba."

"Na karatasi ilikuwa bado ipo?"

"Ilikuwa bado ipo."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atamlaani Tappert, au atajuta kwa hadithi zote zile chini ya mwembe. Badala yake alisema jambo ambalo naona linafaa kusomwa na kila mwenye kalamu, iwe ya polisi, ya karani wa tume au ya mwandishi wa gazeti kama mimi.

"Basi na yetu iandikwe, mpwa wangu," akasema. "Kila jina, kila aliyeona, kila saa. Hata kama wa kuisoma hajazaliwa."

Mwembe wetu ungali unazaa. Siku hizi watoto wa Garsen wanaangalia vipindi kwenye simu, kila mmoja na kioo chake, na hawahitaji mtu wa kuwaletea hadithi kwa basi. Lakini nilipoondoka safari ile niliwaona watatu, wa nyumba tofauti, wameinamia simu moja wakibishana kwa sauti kubwa. Nikasimama kusikiliza. Walikuwa wakibishana muuaji ni nani.